Kamera Tuliigeuzia Aliyebaki Nje

Filamu zinazoonya juu ya uhalisia pepe, ile dunia ya kompyuta ambayo mtu huiingia kwa kuvaa miwani maalumu, ni za zamani kuliko miwani iliyojaa madukani leo, na karibu zote humfuata yule aliyeivaa. Mtazamaji huingia naye, huona anachokiona, huingiwa na hofu pamoja naye anapopotea njia ya kutokea. Mimi na vijana wenzangu wa Mtwara mjini na Mikindani tulipokaa kuandika filamu yetu fupi ya sayansi ya kubuni kuhusu hatari hiyohiyo, nasi tulianza kwa kumfuata aliyevaa. Filamu tuliyokuja kuionyesha inamtazama mtu mwingine kabisa. Nasimulia tulivyofika huko kwa sababu naamini pana jambo hapo ambalo watengenezaji filamu wa mikoani, wenye kamera moja na wasio na studio, wanaweza kulifanya vizuri kuliko wenye fedha.

Kazi yangu ya kila siku ni kupiga video za harusi, mahafali, na ngoma za unyago watoto wanapotoka. Wenzangu ni watu wa namna hiyo: mmoja hurekodi kaswida, mwingine ni fundi simu sokoni, wengine waliwahi kuigiza shuleni na hamu haijawaisha. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kompyuta ya kuchora dunia ya kubuni ikaaminika. Kila tulichotaka kuonyesha ilibidi kiwepo, kiguswe, kipigwe picha.

Kwanza tulitazama kazi za waliotutangulia. The Lawnmower Man ya 1992, iliyoongozwa na Brett Leonard, ndiyo iliyotukalisha muda mrefu zaidi. Ni habari ya mkata nyasi mwenye akili ya kitoto ambaye mwanasayansi anamchukua, anampa dawa na kumwingiza katika dunia ya kompyuta mpaka akili yake inachipua kupita kiasi. Mwishowe yule bwana anataka kuwa mungu ndani ya mitambo, na simu za dunia nzima zinaita kwa pamoja. Picha zake za kompyuta zilikuwa ajabu ya wakati ule. Leo mtoto wa darasa la tano mwenye simu ya mjomba wake amekwisha kuona michoro mizuri zaidi katika mchezo wa bure. Lakini kuna kitu katika filamu ile hakijazeeka hata kidogo: mwili wa mkata nyasi umefungwa kwenye pete kubwa za chuma, unazungushwa, macho yamefunikwa, mikono inapapasa kitu ambacho chumbani hakipo. Hapo wote tulinyamaza. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba dunia ya ndani huzeeka pamoja na kompyuta zilizoichora, na mwili ulioachwa nje hauzeeki.

Kisha tukatazama Strange Days ya Kathryn Bigelow, ya 1995. Mhusika wake mkuu anauza diski zilizorekodiwa hisia na kumbukumbu za watu, na akiwa peke yake hujifungia kurudia kumbukumbu za mwanamke aliyemwacha. Vijana walimpenda huyo bwana. Mimi macho yangu yalikuwa kwa rafiki yake, yule dada dereva anayeigizwa na Angela Bassett. Yeye hana haja na diski. Ana mtoto wa kulea, ana gari la kuendesha, na ana mtu mzima wa kumwokota kila anapozama. Ndiye anayemwambia kwamba kumbukumbu hufifia kwa sababu maalumu. Nilijiuliza filamu ile ingekuwaje kama ingekuwa yake, kuanzia asubuhi anapoamka mpaka anapokwenda kumgongea mlango mtu asiyetaka kufungua.

Swali hilo sikulipa uzito wakati ule. Hadithi yetu tulikuwa tumeshaipanga. Mama wa Mikindani amempoteza mwanawe wa kiume baharini. Mashua ilitoka wakati wa kusi na haikurudi, na mwili haukuonekana. Miaka inapita. Anakuja mgeni na miwani, anaomba picha za kijana, sauti zake zilizobaki kwenye simu, na baada ya muda mama anavaa miwani na mwanawe anaingia uani na samaki begani. Mama anazidi kwenda huko. Mwisho hatoki tena. Muswada wa kwanza ulikuwa karibu wote ndani ya miwani: mama na mwanawe wanakula, wanacheka, wanatengeneza nyavu.

Haikuwa njozi tupu. Mwaka 2020 kituo cha televisheni cha MBC cha Korea Kusini kilionyesha makala ya mama aliyevalishwa miwani ili akutane na binti yake, aliyekufa kwa maradhi akiwa na umri wa miaka saba. Mafundi walimtengeneza mtoto upya kwa kompyuta, sura, sauti na mwendo. Upande mmoja wa picha mtazamaji anamwona mtoto akimkimbilia mama yake bustanini. Upande wa pili mama amesimama peke yake katika chumba cha kijani, amevaa glavu, anashika hewa. Na pembeni wamekaa watu wa nyumba yake, wanamtazama huku wanalia. Fundi simu wetu alisimamisha picha palepale kwenye hao watu wa pembeni. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Sasa nieleze kifaa, maana kifaa ndicho kilichotuletea nusu ya filamu.

Miwani hii ina lenzi mbili na picha mbili. Kila jicho hupewa yake, na picha hizo hutofautiana kidogo, kama ambavyo jicho la kulia na la kushoto huona kitu kimoja kutoka mahali pawili. Kati ya mboni na mboni za mtu mzima pana wastani wa milimita 63 hivi. Tofauti hiyo ndogo inatosha ubongo kujenga kina, mbele na nyuma. Halafu kuna vihisi vya mwendo vinavyosoma kichwa kimegeukia wapi, na picha inageuka pamoja nacho. Picha ikichelewa, mwili unashtuka. Mafundi hujitahidi ucheleweshaji usizidi takriban sehemu 20 za elfu za sekunde. Ivan Sutherland na wanafunzi wake walipokitengeneza kifaa cha namna hii Marekani mwaka 1968, kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa darini. Mwaka 2014 Google walionyesha kwamba boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili na simu janja vinatosha. Tulifuata njia hiyo ya boksi. Fundi wetu alikata, akagundisha, akapaka rangi nyeusi, na simu moja ikakaa ndani.

Tulimwomba mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, aijaribu. Nilitaka kupiga picha uso wa mtu anayevaa kwa mara ya kwanza, niwape waigizaji wajifunze. Mzee amekula chumvi, na chumvi yenyewe nyingi ni ya bahari. Amevuka kwenda visiwani katika mawimbi ambayo mimi nisingethubutu. Tulimwekea video ya mashua ikikata maji, tukamkalisha kibarazani. Hazikupita dakika nyingi akaanza kutokwa jasho, akameza mate, akasema, "Nitoeni, mwanangu, nitatapika."

Wote tulishangaa, isipokuwa yeye. Alipotulia alitueleza jambo ambalo baadaye nililikuta vilevile katika maelezo ya wataalamu. Ndani ya sikio pana kiungo kinachohisi mwendo na mizani. Mgeni akijifungia chini ndani ya jahazi, sikio linahisi mawimbi na macho yanaona ukuta uliotulia. Mambo mawili hayapatani, tumbo linachafuka. Kwenye miwani ni kinyume chake: macho yanakwenda, sikio linasema umekaa. "Kwenye chombo," alisema mzee, "mtu akichafukwa tunamwambia atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, maana pale hapayumbi. Humu nilipatafuta. Napo pamo, lakini nako kunayumba."

Akaomba kujaribu tena. Safari hii alimwita mjukuu wake wa kike, akamshika bega, ndipo akavaa. Akakaa muda mrefu kidogo. Alisema bega lilimsaidia kujua yuko wapi. Mimi nilikuwa na kamera mkononi, na kupitia kioo chake nilimwona yule mtoto. Alisimama wima, hasogei, anatazama wenzake wakicheza mdako upande wa pili wa njia. Babu akigeuka naye anageuka. Hakuna aliyemwambia asitoke. Alijua mwenyewe kwamba akitoka babu yake ataumwa.

Mpaka leo sijaona picha iliyoeleza hatari ya kifaa hiki kwa ukamilifu kuliko ile.

Bado ilihitaji mtu mwingine kunisukuma. Tulikuwa na desturi ya kusoma muswada kwa sauti mbele ya watu kabla ya kushika kamera, na jioni moja tuliusoma uani kwa bibi mmoja wa Mikindani, wanawake wamekaa wakimenya ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, na kuchambua dagaa. Walisikiliza vizuri. Mama alipomwona mwanawe akiingia uani, wawili walijifuta macho kwa kanga. Tulipomaliza, bibi mwenye nyumba aliuliza:

"Huyo mama ana watoto wangapi?"

Nikajibu, "Wawili, bibi. Huyo wa kiume aliyepotea, na wa kike mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

"Miaka kumi na miwili hivi."

"Haya. Mama yuko huko na mwanawe wanakula samaki. Huyu wa nje anakula nini?"

Katika muswada wote yule binti alikuwa na mistari miwili. Alikuwa anakuja kusema chakula kipo tayari na kuondoka. Bibi hakuwa anakosoa uandishi wetu; alitaka kujua habari za mtoto, kama ambavyo angetaka kujua za mtoto wa jirani. Wanawake wengine wakadakia. Nani anachota maji? Mwenye duka akija kudai, nani anatoka mlangoni? Mtoto anasema nini, kwamba mama amelala, kwamba amesafiri? Shuleni anakwenda au hafiki? Wakati wa kuokota korosho, shamba la mama linaokotwa na nani? Mmoja alisema mabibo yataoza chini ya mikorosho na nguruwe watakula. Walijibizana kuhusu nyumba isiyokuwepo kwa bidii kuliko walivyolisikiliza lile tukio la mwana kurudi, na mimi niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Tukaandika upya. Filamu ikawa ya binti. Mama yake anahitaji bega la kushika ili asitapike, na bega ni lake.

Baada ya hapo mambo mengi yaliyotutatiza yalijipanga yenyewe. Tatizo la picha za dunia ya ndani, kwa mfano. Tulikuwa tumelia sana kwamba hatuna kompyuta. Lakini Mjerumani Rainer Werner Fassbinder aliitengenezea televisheni filamu ya sehemu mbili, Welt am Draht, mwaka 1973, kuhusu dunia nzima inayoishi ndani ya kompyuta, bila kutegemea michoro ya kompyuta. Alitumia vioo, sura zinazorudiwa kwenye vioo, na majengo mapya ya Paris ya wakati ule yaliyoonekana kama hayajakaliwa na mtu. Nilipoyajua hayo niliona kwamba dunia ya ndani ya mama wetu inaweza kuwa Mikindani ileile, ua uleule, ghuba ileile. Tuibadilishe kidogo tu, kiasi cha mtu kuhisi kabla hajajua.

Tulichagua sauti. Kila mama anapoingia kwenye miwani, kwa mbali inasikika honi ya treni.

Msomaji wa Mtwara mwenye umri ameshaelewa. Wengine niwaeleze. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, huku kusini walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi uliachwa mwaka 1951. Reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikaondolewa. Mtwara haina treni. Ukisikia honi ya treni Mikindani, hapo ulipo si Mtwara hii. Ni ile ambayo watu waliahidiwa, wakaianza, ikakatika. Kijana wetu wa kaswida alikuja na wazo hilo kwa kuwa babu yake alikuwa akimsimulia, nami naliona ndilo wazo bora kuliko yote katika filamu yetu. Halikutugharimu chochote.

Kuhusu ukubwa wa picha tulipingana na fundi mkubwa. Douglas Trumbull, katika Brainstorm ya 1983, alipiga matukio ya kawaida kwa utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35 na yale ya ndani ya kumbukumbu zilizorekodiwa kwa milimita 70, hivyo kila mtu anapoingia ndani ya mtambo picha inapanuka ghafla. Alitaka mtazamaji ahisi kwamba huko ndani ni kukubwa kuliko huku. Sisi tulifanya kinyume. Ndani ya miwani kamera ipo karibu sana: uso wa mama, uso wa mwana, sahani, basi. Hapiti jirani. Hakuna anayepiga hodi. Mahali pale pametengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mwanawe mwenyewe hana rafiki, hana deni, hana safari, hana kazi nyingine ila kurudi nyumbani. Nje tulisogea nyuma tukaacha watu wajae: wauza pweza, bodaboda, watoto wa madrasa, wapwa, majirani wanaochungulia. Binti anapita katikati ya hao wote akiwa na ndoo.

Kupiga picha kwenyewe nitapita haraka, maana kazi ni kazi: jua, upepo kwenye maiki, mwenye jogoo anayeombwa amfungie jogoo wake. Ila nieleze jambo la mtoto mwigizaji, kwa kuwa atakayefanya filamu ya aina hii atakutana nalo.

Tulikuwa tumepiga video za kijana aliyeigiza kaka yake, na ilikuwa rahisi kumvalisha mtoto miwani ili aone kile ambacho mama anakiona, apate hisia. Mama mzazi wa mtoto angekubali. Nilikataa, na niliwaeleza wenzangu sababu. Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu watoto wa shule ya msingi walioonyeshwa katika uhalisia pepe mfano wa wao wenyewe wakiogelea na nyangumi. Siku chache baadaye baadhi yao walisimulia jambo hilo kama kumbukumbu ya kweli, jambo lililowahi kuwapata. Mtoto hajawa na uzoefu wa kutosha wa kutenga alichokiona na alichokitenda, na picha inayomzunguka pande zote inamwingia kwa mlango uleule unaopitisha maisha yake. Sikutaka binti wa watu akue akiwa na kumbukumbu ya kaka aliyekufa maji ambaye hakuwahi kuwa naye. Akaigiza bila kuona chochote, boksi likiwa tupu. Na kusema kweli yule mhusika wake hakuwahi kuvaa miwani hata mara moja. Mama yake hampi. Kutojua kilichomo ndani kulikuwa sehemu ya uigizaji wake. Katika tukio moja anamuuliza mama, "Leo kaka kavaa nguo gani?" Mstari huo hatukuuandika. Ulimtoka mwenyewe kamera ikiwa inazunguka, na mwigizaji wa mama akashindwa kujibu. Tumeuacha hivyohivyo.

Mjomba naye alitupinga. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mjomba ana neno kubwa katika nyumba ya dada yake, kwa hiyo tulimwandikia tukio la kuja kwa hasira na kumvua dada yake miwani kwa nguvu. Mzee aliyechukua nafasi hiyo alikataa. "Mjomba hamnyang'anyi dada yake maiti yake," alisema. Tukamuuliza angefanya nini. Akasema angekaa. Basi akaja, akasema hodi, akapokewa shikamoo na mpwa wake, akaketi kwenye mkeka karibu na dada yake aliyefunikwa macho, akaanza kumpa habari: nani kaoa, nani kafiwa, bei ya korosho mnadani imefikaje, mpwa wangu karo inadaiwa. Alizungumza kwa utulivu na mtu asiyemjibu, kwa urefu wa kutosha hata mimi nilitaka kusema kata. Katikati ya maneno, mkono wa mama ukatoka kwenye bega la binti, ukatafuta mkeka. Binti akasogea kando hatua moja. Ile hatua moja ndiyo kilele cha filamu yetu.

Tuliionyesha Mikindani usiku, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, jenereta ikiwekwa mbali ili isizime sauti. Honi ya treni ilipolia kwa mara ya kwanza, vijana walikaa kimya, hawakuelewa, lakini wazee waligeuka wakatazamana. Kisha mnong'ono ukaanza kushuka kutoka viti vya nyuma kuja mbele, babu anamwambia mjukuu, mjukuu anamwambia jirani. Ilipolia mara ya pili ua mzima ulijua mama yuko wapi.

Baada ya filamu alinifuata mama mmoja ambaye mwanawe kweli alipotea na chombo. Nilikuwa nikimwogopa tangu nilipomwona akiketi. Alinipa mkono, akashukuru, halafu akasema kwa sauti ya chini lakini bila kusita, "Dada, mimi ningeivaa."

Nilimwambia naelewa.

"Huelewi, na si kosa lako. Ningeivaa hata ningeambiwa nitapofuka." Kisha akatazama upande ambapo wanawe wengine wawili walikuwa wakikunja mkeka waliokalia. "Lakini yule mtoto wa kwenye picha umenionyesha. Mimi hawa sikuwa nimewauliza chochote tangu mwaka ule. Nilikuwa sina miwani, na bado sikuwauliza."

Maneno hayo yamebadilisha ninavyoifikiria kazi hii yote. Filamu zinazoonya juu ya uhalisia pepe huifanya mashine iwe ndiyo mwanzo wa kutoweka kwa mtu. Yule mama alikuwa ameshatoweka kwa namna yake, pasipo lenzi wala vihisi, kwa huzuni tu, na nyumba yake ilikuwa imeshajifunza kuishi bila yeye. Kifaa kikija huku kwa bei ya kawaida, na kitakuja, kitawakuta watu wakiwa tayari na mahali pa kwenda. Ndiyo maana siamini kwamba filamu ya kutisha inasaidia sana. Ukimwonyesha mfiwa kwamba huko ndani kuna zimwi, atakuambia kwa haki kabisa kwamba huko ndani kuna mwanawe. Mwonyeshe nani amesimama kando yake amemshikilia, amesimama tangu saa ngapi, na ameacha nini ili asimame hapo. Hilo analitazama, kwa sababu ni la kweli na linamhusu.

Kwa wanaotaka kujaribu, kuna jambo la kazi ninalolisisitiza: usianze na kifaa. Andika kwanza siku nzima ya mtu asiyekivaa, kazi zake zote, na watu wote anaowadanganya ili kumficha aliyekivaa. Ukimaliza hiyo siku ndipo uweke miwani ndani ya nyumba, uone ni kazi zipi zinaongezeka na zinamwangukia nani. Sisi tuliipata hadithi nzima kutoka kwa wanawake waliokuwa wakichambua dagaa, na wangetupa nyingine tano kama tungekaa.

Tumeanza kuandika ya pili. Waigizaji ni walewale. Bibi mwenye ua ameomba nafasi ya kuonekana, tumempa, na amekwisha kutuambia hatakubali kuvaa wala kushika boksi lile. Miwani mara hii anaivaa mjomba, mtu ambaye nyumba nne zinamsubiri atoe neno, na bado tunabishana ni nani kati ya wapwa zake atakayekwenda kuketi naye kwenye mkeka.